Kwa Nini Aliyekataliwa Husema «Nimetoswa»?

SWALI: Ndugu Mhariri, vijana wa hapa Dar es Salaam husema «amenitosa» wanapokataliwa na mchumba au kunyimwa mkopo. Je, neno hili limezuka vijiweni?

JIBU: Ndugu msomaji, neno lenyewe si geni, kilichozuka vijiweni ni maana hiyo tu. «Tosa» ni kitenzi cha watu wa bahari: chombo kikizama husemwa kimetota, na anayekizamisha, au anayetupa kitu majini, amekitosa, kwa kanuni ileile inayotupatia «takasa» kutokana na «takata». Kwa hiyo anayesema «nilimposa akanitosa» amejifananisha, pengine bila kujua, na shehena iliyotupwa majini ili jahazi liendelee na safari yake, na ndiyo maana, kwa maoni yangu, neno hili lina uchungu ambao «kukataa» halina. Hutumika pia kwa rafiki aliyeahidi kuja kisha asitokee. Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba mtu akijitosa mwenyewe, kwa mfano katika siasa, picha ni ileile ya maji, lakini hapo tunausikia ujasiri wake.