Yangeyange wa Mida: waruka mapema, picha zaungua

Umeuliza kwa nini yangeyange wa Mida Creek, karibu na Watamu, pwani ya Kenya, huruka kabla hujawafikia, na kwa nini pichani huwa doa jeupe lisiloonyesha manyoya.

Usiwafuate, acha maji yawalete. Fika mapema, yapata dakika 150 kabla maji hayajajaa, ukae chini kando ya mikoko, jua likiwa mgongoni. Maji yakipanda, tope wanalotafutia chakula hupungua na ndege husogea wenyewe. Yakipwa hutawanyika mbali, na hewa ya moto juu ya tope hufifisha picha hata kwa lenzi nzuri. Ndege akisimamisha shingo na kuacha kula, umemkaribia mno; rudi nyuma polepole.

Weupe huungua kwa sababu kamera hupima tope jeusi ikaongeza mwanga. Punguza mwanga wa picha kwa hatua 1 (fidia ya mwanga, -1 kwenye kamera), kisha kagua histogramu, yaani grafu ya mwanga kwenye skrini, isigonge ukingo wa kulia.

Tazama miguu ya yangeyange mdogo: myeusi, vidole vya njano. Hutetemesha mguu mmoja majini kutimua samaki, halafu mdomo huchoma ghafla. Weka kasi ya shata sekunde 1/1600, uanze kupiga mguu unapotetemeka. Ukingoja mdomo, umechelewa.