Kumgeuza mzee aliyelala kitandani: namna ya kuzuia vidonda vya mgandamizo nyumbani

Mzee aliyepata kiharusi au kuvunjika nyonga akiruhusiwa kutoka hospitali, familia hukabidhiwa dawa, tarehe ya kliniki na neno moja: "Mgeuzeni." Kumgeuza vipi, kila baada ya muda gani na kuangalia nini, mara nyingi hakuna anayefafanua. Ndiyo maana tunakutana na vidonda vinavyochukua miezi kupona, ilhali vilianza kwa saa chache tu za kulala chali bila kuguswa.

Kinachotokea ni hiki. Mfupa unaikandamiza nyama kwenye godoro, mishipa midogo ya damu inabanwa, na nyama ile inaanza kufa. Uharibifu mara nyingi huanzia ndani, karibu na mfupa, huku ngozi ikionekana nzima. Kidonda kinapotokeza juu kikiwa na upana wa kidole gumba, chini yake huenda tayari pana shimo kubwa zaidi. Mambo mawili huharakisha: ngozi kuburuzwa, na unyevu wa mkojo, choo au jasho.

Sehemu za kukagua kila asubuhi na jioni ni zile ambazo mfupa uko karibu na ngozi: mwisho wa uti wa mgongo juu ya makalio, visigino, nyonga, vifundo vya miguu, viwiko, mabega, kisogo, na masikio kwa anayelala ubavu. Hapa maelekezo mengi huwapotosha watu wetu, kwa sababu husema "tafuta wekundu". Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Tafuta sehemu iliyo nyeusi zaidi kuliko ngozi ya jirani, yenye rangi kama zambarau, au inayong'aa. Kisha iguse kwa mgongo wa mkono, ulinganishe na ngozi ya pembeni: je, ina joto zaidi, au imepoa? Imekuwa ngumu, au inabonyea kama embe lililoiva kupita kiasi? Mzee anashtuka ukigusa? Dalili moja kati ya hizo inatosha. Sehemu hiyo isilaliwe tena mpaka irudi kama kawaida, na usiikande wala kuisugua kwa mafuta. Kukanda kunazidi kuchana nyama ambayo tayari imeumia.

Kabla ya kumgeuza, vuta kitanda kutoka ukutani. Kitanda kilichobanwa ukutani humfanya muuguzaji afanye kazi upande mmoja tu, na mzee huishia kulalia ubavu uleule siku nzima. Tandika khanga au shuka lililokunjwa mara mbili, kuanzia mabegani hadi chini ya makalio. Hilo ndilo la kumsogezea. Usimvute kwa makwapa, na usimburuze.

Tuseme unamgeuzia kushoto ukiwa peke yako. Mwambie kwanza: "Mama, sasa tunageukia kushoto." Hata aliyepoteza kumbukumbu hukaza mwili akishtukizwa, na mwili uliokaza ni mzito mara mbili. Simama kulia kwake, umvute kwa khanga hadi karibu na ukingo wa upande wako, ili akigeuka abaki katikati ya kitanda. Sogeza mkono wake wa kushoto pembeni usilaliwe, mkono wa kulia uuweke kifuani, kunja goti la kulia unyayo ukiwa umekanyaga godoro. Zunguka uende kushoto. Mkono wako mmoja uwe kwenye bega lake la kulia, mwingine kwenye nyonga ya kulia, kisha umvutie kwako polepole kwa pamoja. Kunja magoti yako wewe, usipinde mgongo. Kama upande mmoja umepooza, usivute kamwe ule mkono uliopooza. Bega lake huteguka kirahisi.

Kosa la kawaida hapa ni kumlaza ubavu kamili, mfupa wa nyonga ukibeba uzito wote. Anatakiwa alale kwa mshazari wa nyuzi kama 30 tu, akiegemea mto uliowekwa nyuma ya mgongo. Pitisha mkono chini yake: mfupa wa juu ya makalio usiguse godoro. Mto wa pili ukae katikati ya magoti. Wa tatu uwe chini ya mashavu ya miguu kwa urefu wake, visigino vikining'inia hewani. Usitumie ngata ya kitambaa, mduara wa mpira, wala glovu zilizojazwa maji. Ngata na mduara hubana damu pembezoni mwa sehemu uliyotaka kuilinda, na glovu huacha uzito wote kwenye sehemu ndogo.

Ratiba ya kuanzia ni kila saa mbili, ikiandikwa kwenye karatasi ukutani: saa 12 asubuhi chali, saa 2 kushoto, saa 4 kulia, saa 6 chali, na kuendelea. Aliyemgeuza aweke alama, maana nyumba yenye watu watano kila mmoja hudhani mwenzake amegeuza. Usiku, kama godoro ni zuri na ukaguzi wa asubuhi hauonyeshi alama yoyote, unaweza kurefusha hadi kila baada ya saa tatu au nne. Tunalisema hili wazi kwa sababu muuguzaji anayeamka kila saa mbili peke yake huchoka hadi kuacha kabisa. Gawaneni zamu. Mzee anayekaa kwenye kiti naye anahitaji kuinuliwa au kuegemezwa upande angalau kila saa moja.

Kupima godoro la sponji, pitisha kiganja kikiangalia juu chini ya godoro, pale makalio yalipo. Ukiuhisi mfupa wake, au sponji iliyobaki haifiki sentimita 2.5, godoro limekwisha. Godoro la hewa la pampu husaidia, lakini haliondoi kazi ya kugeuza.

Mwinue kichwa vizuri wakati wa kula na nusu saa baada ya kula, kisha umshushe hadi nyuzi 30 au chini yake, daktari asipoelekeza vingine. Akiachwa ameegemea juu, mwili huteleza taratibu kuelekea miguuni huku ngozi ya makalio ikibaki imenasa kwenye shuka. Nailoni ya kuzuia mkojo iwe na kitambaa cha pamba juu yake. Pampasi ikaguliwe kila unapomgeuza. Osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha kwa kugusagusa, kisha paka mafuta ya mgando kiasi kidogo.

Chakula kiwe na protini kila mlo: yai, maziwa, maharage, dagaa waliosagwa ndani ya uji. Mwenye ugonjwa wa figo, muulize daktari kwanza.

Ngozi ikishapasuka, osha kwa maji ya chumvi: kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa nusu lita ya maji, chemsha dakika 10, acha yapoe yakiwa yamefunikwa, na yatumike siku hiyohiyo tu. Funika kwa gozi safi (kitambaa chepesi cha kufungia vidonda). Usiweke spiriti, majivu, dawa ya meno wala unga wa vidonge vya antibayotiki. Huua nyama changa, au huziba usaha ndani.

Mpeleke hospitali bila kungoja ukiona nyama nyeusi, mfupa, usaha, harufu kali, uvimbe unaosambaa, homa, au mzee kuanza ghafla kuchanganyikiwa au kusinzia kupita kawaida. Hospitali nyingi za umma Tanzania zina dirisha la wazee wa miaka 60 na zaidi, kwa hiyo beba kitambulisho. Beba na ile karatasi ya ukutani pia, na vipimo vya kidonda kwa sentimita: urefu, upana, na tarehe ulipokiona mara ya kwanza.