Golikipa wa miaka 42

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama mchezaji wa timu ya taifa awekewe ukomo wa miaka 35 ili apishe vijana. Mimi nasema hapana, na shahidi wangu simtoi kwenye soka. Ni golikipa wa mpira wa mikono, Mrusi Andrey Lavrov, mzaliwa wa Krasnodar.

Lavrov alitimiza miaka 35 Machi 1997. Kwa kanuni yenu angeshatundika daluga. Mwezi Mei mwaka huohuo Urusi ikaenda Japan kwenye ubingwa wa dunia, naye akiwemo, wakarudi na kombe. Miaka mitatu baadaye, akiwa na 38, ndiye aliyebeba bendera ya Urusi kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Sydney. Fainali wakaifunga Sweden 28 kwa 26.

Dhahabu hiyo ilikuwa yake ya tatu ya Olimpiki, na kila moja aliipata chini ya bendera tofauti. Ya Seoul 1988 aliichezea Umoja wa Kisovyeti. Ya Barcelona 1992 nchi hiyo ilikuwa imeshavunjika, wakacheza kama timu ya pamoja ya zilizokuwa jamhuri zake, na bendera iliyopandishwa kwa ushindi wao ilikuwa ya Olimpiki. Sydney ndipo ikawa Urusi. Yaani nchi yenyewe ilistaafu kabla ya kipa wake! Halafu akaenda Athens 2004, ana miaka 42, akaondoka na shaba.

Mtu atasema huyo ni wa pekee, usimfanye kipimo. Sawa, lakini tazameni kazi yenyewe. Goli la mpira wa mikono lina upana wa mita 3 na kimo cha mita 2. Mshambuliaji haruhusiwi kukanyaga ndani ya mstari wa mita 6, ila anaruhusiwa kuruka juu yake na kuachia mpira kabla hajatua. Kwa hiyo anapopiga, mara nyingi ameshakukaribia mno, na mpira wa wanaume wa kiwango hicho unaweza kupita kilomita 100 kwa saa. Kipa hana glavu. Hapo kudaka sahau, unapangua kwa kiganja, goti, hata kwa unyayo. Ukisubiri uuone mpira umechelewa. Unasoma bega, kiwiko, na kifundo kinavyogeuka dakika ya mwisho. Sisi tuliosimama golini kwenye viwanja vya saruji vya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, tunajua kwamba kijana mwenye miguu myepesi ndiye anayedanganywa kirahisi, maana anaruka mapema. Mzee anangoja. Usomaji huo haufundishwi kwa mwezi mmoja.

Winga ni habari nyingine. Huyo anakimbia uwanja wa mita 40 kwenda na kurudi, na akifika 42 sitamtetea. Ndiyo maana kanuni moja ya umri kwa wachezaji wote naiona ya kivivu, ya watu wa ofisini.

Hoja yenu moja inaniuma, nayo naikubali: tangu Athens, wanaume wa Urusi hawajapata tena medali ya Olimpiki kwenye mchezo huu. Sidhani Lavrov ndiye aliyeziba njia, kwani timu haijengwi na kipa peke yake. Lakini mkongwe anapodumu golini, walimu nao husahau kuandaa mrithi, na hilo hata kwetu tunalijua.

Kama shirikisho lolote linataka kanuni, basi liache umri wa kipa wa kwanza na kubana nafasi ya kipa wa pili: awe chini ya miaka 23, na penalti za mita 7 apewe yeye. Mchezo huu unaruhusu kubadilisha kipa wakati wowote, hata kwa mpigo mmoja tu, kisha mwenye goli akarudi. Kijana akianza kuzipangua hizo, hapatahitajika kikao cha kumwambia mzee aondoke.