Pensheni ya ng'ambo, maisha ya nyumbani: maswali ya wastaafu

Maswali ya safari hii yametoka kwa wazee waliofanya kazi Uingereza na Marekani, kisha wakarudi kuishi Afrika Mashariki.

Nimehamia Tanga. Pensheni yangu ya serikali ya Uingereza iingie benki ya huku, au ibaki inaingia London?

Yote mawili yanaruhusiwa. Ofisi inayokuhusu ni International Pension Centre, ofisi ya serikali ya Uingereza inayoshughulikia pensheni za walio nje, na kwa aliye nje malipo huja kila baada ya wiki 4 au wiki 13, upendavyo. Ikiingia benki ya Tanzania inafika kwa shilingi, kwa bei ya ubadilishaji iliyokutwa siku hiyo. Ikiingia London inabaki pauni, unaihamisha bei ikikuridhisha. Sisi tunapendelea London, ila kwanza iulize benki yako, kwa maandishi, kama inamkubali mteja anayeishi Tanzania. Baadhi hufunga akaunti za wanaohama. Usijifiche nyuma ya anwani ya mtoto aliyebaki kule: barua ya notisi ya kufunga akaunti itafika mlangoni kwake, na asipoifungua utajua siku kadi inapokataa.

Ukichagua Tanga, fomu itakuomba IBAN, yaani namba ya akaunti ya mtindo wa kimataifa. Tanzania na Kenya hazitumii namba hiyo. Andika namba kamili ya akaunti, namba ya SWIFT inayoitambulisha benki kimataifa, na jina la tawi. Kisha angalia majina, maana hapa ndipo wengi hukwama: pasipoti ya Uingereza ina majina mawili, akaunti ya Tanga imefunguliwa kwa matatu, basi benki inazuia fedha au inazirudisha zilikotoka. Omba akaunti iandikwe majina yale yale yaliyo kwenye kumbukumbu za pensheni. Kama ulichukua uraia wa Uingereza, benki ya Tanzania itataka pasipoti na kibali chako cha ukaazi, na mara nyingi barua ya serikali ya mtaa kuthibitisha unapoishi.

Niko Kisumu tangu 2010. Mbona pensheni yangu haipandi, na wenzangu walioko Uingereza yao inapanda kila Aprili?

Kwa sababu ya nchi unayoishi. Uingereza hupandisha pensheni ya serikali kwa wastaafu walio katika nchi nyingi za Ulaya na katika nchi zenye mkataba nayo wa hifadhi ya jamii unaoruhusu nyongeza. Kenya, Tanzania na Uganda hazimo, Mauritius imo. Aliyeondoka na pensheni kamili ya msingi mwaka 2010 alikuwa akipata pauni 97.65 kwa wiki. Kiwango hicho hicho mwaka 2025/26 kilikuwa pauni 176.45. Pengo lilikuwa pauni 78.80 kila wiki, zaidi ya 4,000 kwa mwaka, kwa mtu aliyechangia sawasawa na jirani yake. Tunaona ni dhuluma, na tunasema hivyo waziwazi. Ukirudi kuishi Uingereza kiwango hupandishwa hadi cha sasa. Ambaye bado hajahama aliweke hili kwenye hesabu zake kabla ya kufunga mizigo.

Pensheni imekatika ghafla. Sijapata barua yoyote.

Karibu kila mara chanzo ni cheti cha uhai. Ofisi hutuma fomu ya kuthibitisha kwamba uko hai. Isiporudi, malipo husimamishwa. Pengine fomu ilitumwa kwenye sanduku la posta ulilokwisha kuacha kulilipia. Piga simu International Pension Centre, omba fomu nyingine, na papo hapo sahihisha anwani. Jaza sehemu yako, kisha mpelekee shahidi wa aina iliyotajwa kwenye fomu yenyewe, kama daktari au wakili. Asiwe ndugu yako. Piga picha kila ukurasa, tuma kwa barua ya rejesta au EMS, na tunza risiti. Fomu ikikubaliwa, dai pia malimbikizo ya miezi iliyorukwa.

Benki inatuma namba za uthibitisho kwenye laini yangu ya Uingereza, nayo imekufa. Nifanyeje?

Ukiweza kuingia bado kwa programu ya benki kwenye simu, badili namba leo, kabla hujatoka humo. Ukishindwa, itabidi upige simu ya wateja walio nje na kujibu maswali ya utambulisho. Weka karibu pasipoti, namba ya akaunti na taarifa ya karibuni ya benki.

Kwa ambaye laini yake inaishi: laini za kulipia kabla hufungwa zisipotumika kwa miezi kadhaa, na namba yako inaweza kupewa mtu mwingine. Tuma ujumbe mmoja wa kulipia kila mwezi. Na ukinunua simu mpya, isajili kwanza kwenye programu ya benki, halafu ndipo ufute ile ya zamani. Wengi hufanya kinyume, wanabaki nje.

Nikitoa kwa kadi ya Uingereza, mashine ya ATM inauliza nitozwe kwa pauni au shilingi.

Shilingi, siku zote. Ukichagua pauni, mwenye mashine ndiye anayepanga bei ya kubadilisha, na bei yake ni mbaya. Kadi nyingi huongeza karibu asilimia 3, na mashine inaweza kutoza ada yake kila unapotoa, hivyo kutoa kidogo kidogo kunakula sana. Kwa matumizi ya mwezi, afadhali utume mkupuo mmoja kwenye akaunti ya benki. Anayetumia M-Pesa ya Kenya akumbuke kikomo: shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, na salio lisizidi 500,000.

Nina uraia wa Marekani, naishi Mombasa kwa Social Security, pensheni ya serikali ya Marekani. Ni kweli lazima nitangaze akaunti za huku?

Kweli, iwapo jumla ya akaunti zako zote za nje ilizidi dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, hata siku moja tu. Taarifa inaitwa FBAR, inapelekwa kwa mtandao kwa FinCEN, idara ya Hazina ya Marekani inayofuatilia uhalifu wa fedha, mbali na fomu ya kodi. Tarehe ni 15 Aprili, na inasogea yenyewe hadi 15 Oktoba. Jumuisha akaunti ya pamoja na mwanao, na akaunti ya benki ya chama ikiwa wewe ni mmoja wa wanaotia sahihi kutoa fedha, hata kama si zako.

Kijana wangu yuko Leicester. Nimpe kadi na namba ya siri awe ananitolea?

Hapana, mama. Hela zikipotea, benki inaweza kukataa kukurudishia kwa kuwa namba umeitoa mwenyewe. Iombe benki imwidhinishe rasmi kutumia akaunti. Idhini hiyo lakini huisha ukipoteza uwezo wa kuamua. Inayoendelea ni hati ya uwakilishi ya kudumu, ambayo kwa England na Wales lazima isajiliwe Office of the Public Guardian kabla ya kutumika. Inaandikwa akili ikiwa timamu, kwa hiyo ianze sasa.