Programu ya barua pepe ya Thunderbird inadai kuna barua 3 hazijasomwa, na zote umeshazisoma

Mara nyingi hesabu hiyo haitoki kwenye barua zenyewe. Thunderbird huitunza kwenye faili dogo la faharasa lenye kiambishi .msf, moja kwa kila folda, na faili hilo likivurugika, namba hung'ang'ania palepale hata ukifungua kila ujumbe.

Bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia kwenye sifa zake, kisha bonyeza kitufe cha kurekebisha folda. Faharasa itajengwa upya. Folda ikiwa kubwa itachukua muda, kwa hiyo usiizime programu katikati.

Lakini kabla ya hapo hakikisha barua hizo hazipo kweli. Huenda umewasha kichujio kinachozificha, au ziko ndani ya mazungumzo yaliyokunjwa. Folda mama nayo ikiwa imekunjwa hujumlisha barua za folda ndogo zilizo chini yake, na hapo ndipo wengi wanapohangaika bure.

Kitufe kikigoma, funga Thunderbird kabisa, nenda kwenye folda ya wasifu wako (pale Thunderbird inapohifadhi barua na mipangilio yako kwenye kompyuta), ufute faili la .msf la folda husika. Litaundwa lenyewe ukifungua tena. Angalia sana: pembeni yake huwa kuna faili la jina hilohilo lisilo na kiambishi. Hilo ndilo lenye barua. Usiliguse, hasa kama unatumia POP (njia ya kushusha barua kutoka kwenye seva hadi kwenye kompyuta yako), maana huenda kwenye seva hakuna nakala nyingine.