Mama ameambiwa maji ya goti yamekauka: achomwe sindano za ute?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 63, magoti yanamsumbua mwaka wa tano sasa, la kulia zaidi. Eksirei ilionyesha yamesagika. Pia ana kisukari, anatumia vidonge. Mwaka huu amechomwa sindano ya steroidi mara mbili kwenye goti la kulia. Ya kwanza ilimpa nafuu kama miezi miwili, ya pili wiki tatu tu. Sasa ameambiwa maji ya goti yamekauka, achomwe sindano tano za kuongeza ute, na kama hataki hizo, basi arudie ile ya mwanzo kila mwezi. Tufuate lipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo ya kila mwezi ikataeni leo hii. Hizo tano nazo msizikimbilie. Lakini niruhusu nianze na haya maneno ya goti kukauka, kwa sababu hayapiti siku mbili bila kuyasikia kliniki, na ndiyo yanayowatoa watu kwenye matibabu yanayofaa.

Goti lenye afya lina maji kidogo mno, mililita chache tu. Na ni mazito: ukiyashika kati ya vidole viwili ukavitenganisha, yanavutika kama ute wa yai. Goti lililosagika likivimba, mambo huwa kinyume kabisa na alivyoambiwa mama. Utando wa ndani unapata uvimbe, unatoa maji mengi kuliko kawaida, na maji yenyewe yanakuwa mepesi.

Nilimpokea mama mmoja wa umri huohuo, ameshika karatasi iliyoandikwa kwamba goti lake halina maji. Nikamlaza, nikakamua kwa kiganja kutoka pajani kushuka chini, kisha nikaibonyeza pia ya goti. Ikazama, ikagonga mfupa, ikaelea tena. Goti kavu halifanyi hivyo. Nikatia ganzi, nikavuta mililita 20 hadi bomba likajaa, nikaiacha sindano palepale, nikabadilisha bomba na kuvuta 15 nyingine. Maji ya manjano, mepesi, yanadondoka tone moja moja bila kuvutika. Akayatazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Sasa haya yametoka wapi, daktari?" Alikuwa ameshamaliza sindano tatu za kuongeza.

Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, haina mishipa ya fahamu. Kwa hiyo haiumi yenyewe. Kinachouma ni mfupa ulio chini yake, utando uliovimba na mfuko unaozunguka kiungo, na maumivu huzidi pale misuli ya paja inapolegea ikaacha kulibeba goti. Ndiyo maana utakuta mtu eksirei yake inatisha na anatembea vizuri, na mwingine picha yake ni ya kawaida lakini ngazi tatu zinamshinda. Anayekuahidi kulainisha goti kama bawaba ya mlango hajaelewa linauma wapi.

Sasa steroidi. Si dawa mbaya, mimi mwenyewe naitumia. Madaktari wamekuwa wakichoma dawa za kundi hili ndani ya viungo tangu Joseph Hollander wa Marekani alipoandika kuhusu haidrokotisoni mwaka 1951. Kazi yake ni kutuliza uvimbe wa ule utando, na nafuu yake huhesabiwa kwa wiki, mara chache ikavuka miezi mitatu. Hairudishi gegedu. Tena ikirudiwa rudiwa inaweza kuidhuru. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa watu 140 waliochomwa gotini kila wiki 12 kwa miaka miwili, nusu kwa steroidi iitwayo triamsinoloni na nusu kwa maji ya chumvi tu. Waliopata dawa walipoteza gegedu zaidi, na maumivu yao hayakupungua kuliko ya wale wa maji ya chumvi. Hiyo ilikuwa kila wiki 12. Mama yako anaambiwa kila mwezi!

Kwa mwenye kisukari kuna jambo jingine ambalo nashangaa hamkuelezwa: sindano hii inaweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa, hata kama imechomwa gotini tu. Akichomwa tena siku yoyote, apime mara nyingi zaidi wiki ile, na anayemtibu kisukari ajue mapema. Na kama kuna mpango wa kuwekewa goti bandia, sindano isikaribie upasuaji, iachwe miezi mitatu, kwa sababu ya hatari ya maambukizi.

Kuhusu ute: ni asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho goti lina chake. Inayochomwa haikai, mwili huiondoa ndani ya siku au wiki chache. Mwaka 2022 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi wa majaribio 169, na nafuu iliyoonekana ikilinganishwa na sindano isiyo na dawa ilikuwa ndogo kiasi kwamba mgonjwa wa kawaida asingeitambua. Mwaka huohuo NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza, ilisema wenye magoti yaliyosagika wasipewe sindano hizo. Wapo wagonjwa wanaoniambia ziliwasaidia, nami siwabishii. Ila sitaziandika kuwa ndiyo tiba ya mama.

Mkizikataa hizo, mtaletewa sindano ya damu yake mwenyewe iliyochujwa, au seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Jaribio la Australia la mwaka 2021, watu 288, halikuona tofauti ya maana ya maumivu kati ya sindano ya damu iliyochujwa na maji ya chumvi baada ya mwaka mmoja. Seli shina nazo, katika jaribio la Marekani la mwaka 2023, hazikuishinda steroidi ya kawaida. Yeyote anayesema zinaotesha gegedu mpya anasema kitu ambacho hakijathibitishwa.

Swali ambalo hukuligusa ni hili: ile miezi miwili ya nafuu, mama aliitumiaje? Nikiuliza hivi kliniki, jibu huwa lilelile, alipumzika. Na hapo ndipo ya pili inapodumu wiki tatu. Maumivu yakitulia ndiyo wakati wa kulijenga paja, kwa sababu goti linaloumwa halikubali mazoezi na lililotulia linakubali. Mwaka 2020 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 156, nusu wakichomwa steroidi na nusu wakipata fiziotherapia. Baada ya mwaka, wa fiziotherapia walikuwa na maumivu machache na walitembea vizuri zaidi.

Aanze na kiti. Akae kwenye kiti kigumu, akunje mikono kifuani, ainuke polepole na kukaa polepole zaidi, mara 8 hadi 10, apumzike, arudie. Akishindwa, aongeze mto juu ya kiti. Goti likiuma kidogo wakati wa zoezi, hiyo inavumilika mradi kesho yake asubuhi limerudi lilivyokuwa. Likiamka limevimba, apunguze idadi, asiache. Alipe zoezi hilo wiki 6 hadi 12 kabla ya kusema halifanyi kazi, na akimpata mtaalamu wa fiziotherapia wa kumsimamia mwanzoni, vizuri zaidi. Kama ana uzito uliozidi, kila kilo anayopunguza huliondolea goti mzigo wa karibu kilo nne katika kila hatua.

Haya hayana mvuto, najua. Yanachosha, hayana bomba wala koti jeupe, na ndiyo maana soko la njia za mkato halifungwi. Mtu anachomwa sindano ya "magoti" kwenye tako bila kuambiwa jina la dawa. Mwingine anafuatwa nyumbani, goti linapanguswa kwa pamba moja na sindano inaingia. Mwingine anameza unga wa mitishamba na kesho yake anapanda ngazi. Nafuu ya haraka namna hiyo kutoka kwenye mitishamba inanitia wasiwasi. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu virutubisho vya viungo ambavyo vilipopimwa maabara vilikutwa na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, na diklofenaki, dawa ya maumivu, na hazikuandikwa kwenye lebo. Kwa mwenye kisukari ni hatari maradufu. Na kama mama amekuwa akitumia kitu cha namna hiyo kwa muda mrefu, asikiache ghafla. Aende nacho hospitali, kwa sababu mwili unaweza kuwa umeshaacha kutengeneza homoni yake, na kukatiza dawa kunaweza kumwangusha.

Yeyote atakayemchoma gotini, awe daktari bingwa au mwingine, aandike kwenye karatasi jina la dawa, kiasi, goti lipi na tarehe. Asiyetaka kuandika asichome. Na ndani ya siku chache baada ya sindano, goti likivimba, likawa la moto, likauma kuliko kabla, au mama akapata homa, msisubiri kupambazuke na msimpe dawa ya kutuliza maumivu mkalala. Usaha ndani ya kiungo hutokea kwa nadra, lakini unaweza kuliharibu goti ndani ya siku chache. Mpelekeni hospitali usiku huohuo.