Mwamba huu, mwamba huyu, na kile kibao cha marumaru

SWALI: Tumebishana juu ya Mathayo 16:18, "Wewe ndiwe Petro, na juu ya mwamba huu nitalijenga kanisa langu." Mwalimu wetu wa Biblia anasema kama Yesu angemkusudia Petro, ingeandikwa "mwamba huyu". Je, sarufi inamuunga mkono? Na ni sahihi kusema Petro ndiye jiwe la msingi la kanisa?

JIBU: Sarufi haimuungi mkono mwalimu wako, wala haimpingi. "Huu" ni haki ya neno mwamba, la ngeli ya u-i, na haijali anayesemwa ni nani. Kijana, kipofu na kiboko hupewa "huyu" kwa sababu ni majina ya viumbe wenyewe. Sitiari kwa kawaida haipewi hisani hiyo. Twasema, "Babu ni nguzo ya ukoo, na nguzo hii ikianguka tumekwisha." Hakuna asemaye "nguzo huyu", na hakuna anayedhani tumemsahau babu.

Ubishi wenyewe unaishi kwenye Kigiriki, chenye Petros kwa jina na petra kwa mwamba, na nyuma yake Kiaramu, lugha aliyoisema Yesu, chenye neno moja tu kwa yote mawili, Kefa, ambalo Yohana 1:42 imelihifadhi. Wakatoliki husema mwamba ni Petro. Waprotestanti wengi husema ni ungamo lake la mstari wa 16, kwamba Yesu ndiye Kristo, au ni Kristo mwenyewe. Augustino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, alipovipitia vitabu vyake uzeeni, alikiri kwamba amewahi kufundisha kuwa mwamba ni Petro, kisha kuwa ni Kristo, akamwachia msomaji achague. Jambo lililomshinda Augustino halitamalizwa na kiambishi katika tafsiri ya Kiswahili ya 1952. Tena Kiswahili kilipoteza hata mchezo wa maneno: Petro na mwamba hayashirikiani hata herufi moja. Ama kanisa, ni neno lililotujia kwa Kiarabu, na mzizi wake wa Kisemiti ni wa kukusanya; kwa hiyo kinachojengwa hapo ni kusanyiko, si bati na matofali.

Sasa hilo jiwe la msingi, ambalo limenikaa kooni siku nyingi.

Tazama linavyotumika. Jengo limesimama, limeezekwa, limepigwa rangi, viti vya plastiki vimepangwa chini ya turubai. Mgeni rasmi anafika saa tatu baada ya muda, anavuta kamba, pazia dogo linafunguka, na ukutani, usawa wa kifua, kinaonekana kibao cha marumaru: "Jiwe hili la msingi limewekwa na Mheshimiwa Fulani." Msingi uko wapi hapo? Uko chini ya miguu yake, ulichimbwa mwaka juzi na vijana ambao hata soda ya leo hawakuletewa. Kibandue kibao hicho kwa patasi, nyumba haitatikisika. Kitakachopotea ni jina la mheshimiwa. Nimekwisha kuona kibao cha namna hiyo kimebandikwa ghorofani. Jiwe la msingi, ghorofani!

Muulize fundi. Kwake hakuna "jiwe la msingi" moja. Kuna mawe ya msingi, hununuliwa kwa lori, hupangwa mtaroni baada ya kuchimba hadi udongo mgumu, hushikwa kwa saruji, juu yake hupita mkanda wa zege na nondo, kisha jamvi, yaani zege la sakafu. Mawe hayo hayana majina. Jiwe lenye cheo ni lile la kona. Fundi huanza pembeni: hupima mita 3 upande huu na 4 upande ule, na mshazari usipotoa 5, kona hiyo si kona. Huweka jiwe, huligonga likakaa sawa na pimamaji, huhakikisha wima kwa timazi, ndipo avute uzi hadi kona ya pili. Kila tofali linalofuata linautii uzi, na uzi unaitii kona. Kona ikikosewa, chumba kinaenda upande, fremu ya mlango haikai, na ukifika kwenye paa bati zinagoma.

Ndilo jiwe la Waefeso 2:20: "Mmejengwa juu ya msingi wa mitume na manabii, naye Kristo Yesu mwenyewe ni jiwe kuu la pembeni." Mistari michache kabla, Paulo amesema kiambaza cha kati kimebomolewa, sasa kuta mbili, Wayahudi na Mataifa, zinakutana kwenye kona moja. Tafsiri ya Habari Njema, penye jiwe walilolikataa waashi, imeandika "jiwe kuu la msingi". Naelewa sababu. Pembeni, yaani pembe na -ni ya mahali, leo imekuwa kando: waziri akiwekwa pembeni amefukuzwa kazi. Kijana akisikia "jiwe kuu la pembeni" anaona jiwe lililosukumwa kando ya kiwanja. Lakini dawa ilikuwa "jiwe kuu la kona", neno ambalo kila fundi analo mdomoni. Badala yake tumepewa kibao cha marumaru.

Basi usimwite Petro jiwe la msingi. Mathayo anasema mwamba. 1 Wakorintho 3:11 inasema msingi ni Yesu Kristo. Ufunuo 21:14 una misingi 12 yenye majina ya mitume 12. Picha hizo ni tofauti, kila moja ina kazi yake, na kuzikoroga pamoja ndiko kunakowachelewesha kutoka kwenye vipindi vyenu. Serikalini sitarajii kusikilizwa. Wakikubali kukiita kibao cha uzinduzi, nitashukuru. Wasipokubali, angalau wakiteremshe kutoka ghorofani.

Na mwalimu wako akiendelea kuidai "mwamba huyu", mwambie ipo, ni Kiswahili hai kabisa: vijana huitumia kumsifu mwenzao aliyefunga mabao mawili. Aende akaisikilize kijiweni.